Makatizo kwenye kompyuta kongwe za prosesa mbili: mwongozo kamili wa kuyapanga bila kukimbilia noapic

Seva za mtumba zenye prosesa mbili bado zinabeba kazi nyingi hapa Mwanza: hesabu za dagaa Kirumba Mwaloni, mafaili ya stationery za Makoroboi, mitandao midogo ya wanafunzi huko Malimbe. Na karibu zote zinaugua ugonjwa uleule: makatizo (interrupts), yaani ishara ambazo vifaa hutuma kuita prosesa, hayapangwi sawasawa. Kadi ya mtandao inaganda, au diski inalalamika, au mashine inakwama ikiwaka. Fundi anaandika vigezo vya kuwashia Linux, `noapic nolapic acpi=off`, kwa mkupuo, mashine inawaka, mteja analipa. Kumbe prosesa moja imezimwa na hakuna aliyegundua.

Vigezo hivyo vitatu si dawa moja. `nolapic` huzima kidhibiti cha makatizo (local APIC) kilichomo ndani ya kila prosesa, na bila hicho prosesa haziwezi kuitana, kwa hiyo inabaki moja. `noapic` huacha prosesa zote zikifanya kazi, lakini makatizo yote yanarudi kwenye vile vidhibiti viwili vya zamani vya 8259 na kumwangukia CPU0 peke yake. `acpi=off` huondoa jedwali la ACPI zima (maelezo ya mashine yaliyoachwa na mtengenezaji), na kwenye Pentium 4 yenye Hyper-Threading (prosesa moja inayoonekana kama mbili) nusu ya pili ya prosesa hupotea, kwa sababu jedwali la zamani la MP (la mashine za prosesa nyingi) huorodhesha prosesa halisi tu. Ukiviweka vyote pamoja hutajua kipi kilisaidia na kipi kimekunyang'anya kitu.

Mwongozo huu ni wa Linux kwenye mashine za Pentium III mbili, Xeon za mwanzo, Athlon MP na Pentium 4. Mifano inafuata Debian 12. Usipandishe mashine ya biti 32 kwenda Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, kwa kuwa haina tena kerneli (kiini cha mfumo) ya i386.

## Vitu vya kuandaa

Kibodi ya PS/2. Hili si jambo la hiari. Kibodi ya USB hutegemea laini ya PCI, na laini hiyohiyo ndiyo huenda ina hitilafu. Ikifa ukiwa katikati ya kazi huna mkono tena. PS/2 hutumia IRQ 1 (IRQ ni namba ya laini ya katizo) ya kizamani, ambayo huwa haisumbui.

Betri mpya ya CR2032 na mita ya kupimia volti.

Kebo ya serial ya null modem na kompyuta ya pili, kama mazabodi ina tundu la COM. Ujumbe muhimu zaidi hutoka kabla diski haijasomwa, na mashine ikikwama hapo hakuna faili litakaloandikwa.

Kadi moja ya mtandao ya PCI ya akiba, yenye chipu tofauti na iliyopo.

UPS inayofanya kazi kweli, si ile inayolia tu.

Vifurushi hivi, uvipakue mapema wakati mtandao bado upo:

    apt install pciutils dmidecode acpica-tools irqbalance iperf3

Na daftari. Kila jaribio liandikwe: kigezo gani, matokeo gani.

## Hatua ya 1: Anza na betri, kisha BIOS

Umeme ukikatika mara kwa mara, mashine yenye betri iliyokufa hurudisha mipangilio ya BIOS kwenye hali ya kiwandani kila inapozimika. Mpangilio wa makatizo ni sehemu ya mipangilio hiyo. Ndiyo maana kuna mashine "iliyotengenezwa" mwezi uliopita inayoharibika tena baada ya mvua ya usiku mmoja, na fundi anaanza kulaumu kerneli.

Zima, chomoa waya wa umeme, toa betri, pima. Mpya ina volti 3 na kidogo. Ikisoma chini ya 2.8 weka nyingine. Ukiwa hapo, angalia sloti za PCI: karibu na ziwa mara nyingi utakuta miguu ya kadi imeota ukungu wa kijani au mweupe. Safisha kwa ufutio wa penseli na spiriti, acha ikauke.

Ingia BIOS, uweke hivi:

- APIC Mode: Enabled
- MPS Version Control For OS: 1.4
- PnP OS Installed: No
- Reset Configuration Data, au Force Update ESCD: Yes, kwa mara hii moja tu
- PIRQ zote: Auto

Kwa nini 1.4 na si 1.1? Toleo la 1.4 la kanuni za Intel za mashine za prosesa nyingi liliongeza maelezo ya njia za PCI zilizo nyuma ya daraja (PCI bridge). Kadi iliyo nyuma ya daraja kwenye mashine iliyowekwa 1.1 inaweza isionekane kabisa kwenye jedwali. PnP OS ikiwa Yes, BIOS huacha baadhi ya vifaa bila namba ikitegemea mfumo utajipangia. Kwenye mazabodi za zamani hapo ndipo vurugu huanza.

Umefaulu hapa kama, ukizima na kuchomoa waya kwa dakika kumi, saa ya BIOS bado ni sahihi ukiwasha.

## Hatua ya 2: Washa bila kigezo chochote na uhifadhi kumbukumbu

Kwenye menyu ya GRUB (programu inayowasha Linux) bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, futa vigezo vyote vilivyobandikwa na mafundi waliotangulia, ongeza hiki:

    apic=debug console=ttyS0,115200 console=tty0

Bonyeza Ctrl+X. Mabadiliko haya ni ya kuwasha mara moja tu, hivyo huwezi kujifungia nje. Usiguse `/etc/default/grub` mpaka hatua ya mwisho.

Mashine ikiwaka, hifadhi kila kitu kwenye flash:

    dmesg > dmesg-1.txt
    cat /proc/interrupts > int-1.txt
    lspci -vv > pci-1.txt
    dmidecode > dmi-1.txt
    biosdecode > bios-1.txt

`biosdecode` huja pamoja na dmidecode na kwenye mashine hizi ina faida ya pekee: inaonyesha jedwali la BIOS la sloti za PCI, yaani sloti namba fulani ni kifaa namba fulani. Utalihitaji hatua ya 6.

Isipowaka kabisa, soma mistari ya mwisho kwenye kebo ya serial na uruke hadi hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Soma /proc/interrupts kama inavyotakiwa

Mashine nzima huonekana hivi:

               CPU0       CPU1
      0:         44          0   IO-APIC   2-edge      timer
      1:        213          0   IO-APIC   1-edge      i8042
      9:          0          0   IO-APIC   9-fasteoi   acpi
     14:       9120          0   IO-APIC  14-edge      ata_piix
     18:          0      20411   IO-APIC  18-fasteoi   eth0
    LOC:      88120      87544   Local timer interrupts
    ERR:          0
    MIS:          0

Angalia safu ya kidhibiti kwanza. Ukiona `XT-PIC` (vile vidhibiti vya 8259) kwenye vifaa vyote, kidhibiti cha I/O APIC, kinachopokea makatizo ya vifaa na kuyagawa kwa prosesa, hakitumiki: ama BIOS imekizima, ama kuna `noapic` imejificha mahali. Hakikisha kwa `cat /proc/cmdline`.

XT-PIC ikitokea kwenye kadi za PCI tu huku vifaa vingine vikiwa IO-APIC, jedwali la MP halina taarifa za PCI. Hilo lina dawa yake, hatua ya 7.

Baada ya hapo angalia neno linalofuata namba ya pini. Makatizo ya kizamani (kibodi, saa, IDE ya 14 na 15) yanatakiwa kuwa `edge`, yaani kidhibiti hujibu pale laini inapobadilika. Ya PCI yanatakiwa kuwa `fasteoi`, au `level` kwenye kerneli za zamani: kidhibiti hujibu muda wote laini inaposhikiliwa chini. Namba 9 ya ACPI ni ya kizamani kwa namba lakini huwa level, usishtuke.

Jambo moja linalowapoteza wengi: namba ya `timer` kwenye mstari wa 0 ikibaki ndogo bila kupanda, si hitilafu. Kerneli za sasa hutumia saa iliyomo ndani ya kila prosesa, ile ya mstari wa LOC. Kinachotakiwa kupanda ni LOC, kwa prosesa zote. Safu ya CPU1 ikiwa haipo kabisa, prosesa ya pili haikuwashwa.

ERR ni makosa ya mawasiliano ya APIC. Kwenye Pentium III na zilizotangulia, prosesa na I/O APIC huongea kupitia nyaya zao maalumu tatu, na ujumbe uliokosewa hurudiwa wenyewe. ERR mbili tatu kwa wiki hazina neno. Zikipanda kila dakika usitafute kigezo cha kerneli. Hilo ni la umeme: prosesa haijakaa sawa, kapasita zimevimba, au mazabodi ya Slot 1 ina prosesa moja na sloti ya pili imeachwa wazi bila kadi yake ya kuzibia. Kwa `apic=debug` utaona pia `APIC error on CPU0: 02`, ambapo 02 ni ujumbe uliopokelewa na hesabu zake hazikulingana. MIS ni makatizo ya level yaliyofika kimakosa kama ya edge.

## Hatua ya 4: Jua ni ugonjwa gani kati ya mitatu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huruka. Endesha:

    watch -n1 cat /proc/interrupts

Halafu tumia kifaa chenye shida: piga ping, nakili faili kubwa. Tazama mstari wake.

Namba haisogei kabisa. Kifaa kinapiga kelele kwenye pini moja, kerneli inasikiliza pini nyingine. Dalili zake ni `NETDEV WATCHDOG: eth0: transmit queue 0 timed out` au `ata1: lost interrupt`. Jedwali limetaja pini isiyo sahihi. Nenda hatua ya 5.

Namba inapanda kwa maelfu kwa sekunde hata kifaa kikiwa kimya. Laini inaonekana imeshikiliwa muda wote. Ama mwelekeo wake umesomwa kinyume (PCI hushikwa kwa kushushwa chini, jedwali linasema juu), ama kuna kifaa kingine kwenye laini hiyo ambacho hakina kiendeshi cha kukinyamazisha. Muda si mrefu utaona hii:

    irq 18: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option)
    handlers:
    usb_hcd_irq
    Disabling IRQ #18

Kerneli huhesabu: kati ya makatizo 100,000, kama 99,900 hayakudaiwa na kiendeshi chochote, laini inafungwa. Baada ya hapo inakaguliwa mara kumi hivi kwa sekunde tu. Ndiyo maana mtandao haufi moja kwa moja, unakuwa wa kutambaa, ping inarudi baada ya takriban milisekunde mia. Mteja atakwambia bando ndilo baya.

Orodha ya `handlers` usiisome kama orodha ya wakosaji. Wale ni waliokuwa wanasikiliza, waliulizwa, wakasema si sisi. Mkosaji kwa kawaida ni kifaa ambacho hakimo kwenye orodha. Mtafute kwa `lspci -vv`: kifaa cha laini hiyo ambacho hakina mstari wa `Kernel driver in use`. Tahadhari: kifaa kisicho na kiendeshi huonyesha bado namba aliyopewa na BIOS, mfano 11, hata kama kiuhalisia yuko kwenye 18. Washa mara moja kwa `pci=routeirq` ili kerneli ivipange vifaa vyote, ndipo namba za lspci ziaminike.

Mara nyingi utakuta ni kadi ya sauti, modemu ya simu au kidhibiti cha SCSI ambacho hakuna anayekitumia. Kitoe, au ukizime BIOS. Umemaliza, bila kigezo hata kimoja.

Namba inapanda vizuri, halafu inasimama ghafla kazi ikizidi. Huu ni wa edge na level. Tuseme vifaa viwili vinashiriki laini moja ya PCI, na pini imewekwa edge. Cha kwanza kinashusha laini. Kidhibiti kinaona badiliko, kinatoa katizo. Kabla hakijahudumiwa, cha pili nacho kinashusha. Laini tayari iko chini, hakuna badiliko jipya. Cha kwanza kikihudumiwa na kuachia, laini bado imeshikwa na cha pili, na kwa kuwa haijawahi kupanda, hakuna katizo tena milele. Vyote viwili vimekufa mpaka mashine izimwe. Kazi ndogo haionyeshi hitilafu hii kwa sababu vifaa havigongani.

Thibitisha: kadi ya PCI yenye neno `edge` na isiyo na MSI (katizo linalotumwa kama ujumbe, bila laini) ni kosa. Soma jedwali lenyewe:

    acpidump -b
    iasl -d apic.dat

Fungua `apic.dsl`, tafuta Interrupt Source Override. Polarity 1 ni juu, 3 ni chini. Trigger Mode 1 ni edge, 3 ni level. 0 ni kufuata desturi ya njia husika. Mstari unaohusu IRQ 0 kwenda pini 2 ni wa kawaida. Mstari wa IRQ 9 ukiwa level ni wa kawaida pia. Ukiona laini ya PCI imeandikiwa edge, umemkamata.

## Hatua ya 5: Badilisha chanzo cha taarifa, ngazi moja kwa wakati

Kerneli haijui nyaya za mazabodi yako. Inasoma majedwali yaliyoachwa na mtengenezaji, na mashine za kipindi hiki zina mawili: la ACPI, lenye alama `APIC`, na la MP, lenye alama `PCMP`. Linux huanza na la ACPI. Mara nyingi moja kati ya hayo mawili liliandikwa kwa makini na lingine kwa haraka, kwa hiyo kazi yako ni kujua lipi.

Angalia kwenye `dmesg-1.txt` kama kuna `found SMP MP-table`. Kama haipo, ngazi ya pili na ya tatu hapa chini hazitakusaidia, zipite.

Ngazi ya kwanza: bila kigezo. Hii umeshafanya.

Ngazi ya pili: `acpi=noirq`. Hii ndiyo inayosahaulika, na kwa maoni yetu ndiyo ya kujaribu kabla ya zote. Prosesa zinaendelea kusomwa kutoka ACPI, hivyo Hyper-Threading inabaki, lakini njia za makatizo zinasomwa kutoka jedwali la MP. Kwenye dmesg utaona `Using ACPI for processor (LAPIC) configuration information`. Kamilisha kwa `nproc`: idadi isipungue.

Ngazi ya tatu: `acpi=off`. Kila kitu kinatoka jedwali la MP. Utapoteza Hyper-Threading na mashine haitajizima yenyewe baada ya `poweroff`. Mtu itabidi abonyeze swichi. Kwenye Pentium III mbili hasara ni ndogo. Kwenye Pentium 4 ni kubwa.

Ngazi ya nne: `noapic`. Ukifika hapa una laini 15 tu kwa mashine nzima na zote zinapita kwa CPU0. Ni kama abiria wote wa kivuko cha Kamanga kupanga foleni dirisha moja huku madirisha mengine yamefungwa. Mashine ya kuchapa barua itavumilia. Seva ya mafaili yenye watumiaji kumi italemewa.

Mashine ikikwama kwenye saa wakati wa kuwaka, dalili ni hizi:

    ..MP-BIOS bug: 8254 timer not connected to IO-APIC
    Kernel panic - not syncing: IO-APIC + timer doesn't work!

Ujumbe wa kwanza peke yake si msiba. Kerneli hujaribu njia nyingine na mara nyingi hufanikiwa. Ukifuatwa na wa pili, jaribu `acpi_skip_timer_override`. Kigezo hiki kiliwekwa kwa ajili ya mazabodi za nForce2 ambazo BIOS yake hudai saa iko pini 2 wakati sivyo. Usikiweke kwenye mashine nyingine kwa kubahatisha: pale ambapo saa iko kweli pini 2, utakuwa umeiharibu.

Na kama hujui tatizo ni jedwali au ni prosesa ya pili, washa kwa `maxcpus=1`. I/O APIC inabaki hai, prosesa ya pili inapumzika. Hitilafu ikibaki, ni jedwali au kifaa. Ikitoweka, kagua prosesa ya pili, feni yake na kapasita zake. Usitumie `nosmp` kwa jaribio hili, kwa sababu inazima I/O APIC pia, na hapo umebadilisha vitu viwili kwa pamoja.

`irqpoll` je? Hiyo huzunguka kwa viendeshi vyote kila katizo linapokosa mwenyewe, na kila saa inapogonga. Inafaa kuokoa data usiku huo. Kuiacha mwaka mzima ni kuila prosesa bure.

## Hatua ya 6: Hamisha kadi kabla ya kuhamisha imani

Laini nne za PCI huzungushwa kutoka sloti hadi sloti, ili pini A ya sloti ya kwanza isiangukie laini moja na pini A ya sloti ya pili. Kwenye chipu nyingi za Intel laini hizo nne huishia pini 16 hadi 19 za I/O APIC, na nne za ndani 20 hadi 23. Kwa hiyo kuhamisha kadi sloti moja tu kunabadilisha inashiriki na nani.

Epuka sloti iliyo jirani na AGP (sloti ya kadi ya picha) kwa kadi ya mtandao au ya diski. Mara nyingi hushiriki laini na kadi ya picha. Chagua sloti ambayo kwenye `/proc/interrupts` mstari wake utakuwa na jina moja. Ikishindikana, iweke pamoja na kifaa cha USB kisichotumika, kamwe usiweke mtandao na diski pamoja.

Kila unapohamisha kadi, rudia Reset Configuration Data kwenye BIOS. Bila hivyo BIOS nyingine hukumbuka mpangilio wa jana.

Kadi ya PCI Express kwenye mazabodi kongwe ikiganda huku `lspci -vv` ikionyesha `MSI: Enable+`, jaribu `pci=nomsi`. Baadhi ya chipu za wakati ule zilitangaza MSI bila kuiweza.

## Hatua ya 7: pirq=, kwa mazabodi zilizo kongwe kweli

Hii ni kwa hali moja tu: kerneli ya biti 32, vifaa vya kawaida viko IO-APIC, kadi za PCI zote ziko XT-PIC. Wakati BIOS inawaka, bonyeza Pause kwenye ukurasa wa orodha ya vifaa vya PCI na unakili namba za IRQ kwa mpangilio wa sloti. Halafu:

    pirq=11,10,0,5

Kila namba ni sloti. 0 ni sloti tupu. Isipokubali, badilishana nafasi za namba hizohizo. Ni kazi ya uvumilivu, lakini mipangilio inayowezekana si mingi.

## Hatua ya 8: Gawa kazi kwa prosesa zote

Kerneli za sasa humpa kila katizo prosesa moja. Njia rahisi ni kuiachia `irqbalance`. Kwenye seva yenye kazi mbili nzito zinazojulikana, mkono ni bora:

    systemctl disable --now irqbalance
    echo 1 > /proc/irq/14/smp_affinity
    echo 2 > /proc/irq/18/smp_affinity

Namba ni barakoa ya prosesa: 1 ni CPU0, 2 ni CPU1, 3 ni zote mbili. Hapo diski imekwenda CPU0 na mtandao CPU1. Usipozima irqbalance itafuta uamuzi wako baada ya sekunde chache. Kuandika kukikataa kwa laini ya XT-PIC si hitilafu ya amri. Laini hizo hazihamishiki.

Kwenye Pentium 4 moja yenye Hyper-Threading faida ni ndogo, kwa kuwa CPU0 na CPU1 ni nusu mbili za prosesa moja. Usipoteze mchana wako hapo.

## Hatua ya 9: Mtihani, kisha kuuweka wa kudumu

Endesha kwa pamoja, kwa saa nzima:

    iperf3 -c ANWANI-YA-KOMPYUTA-YA-PILI -t 3600
    dd if=/dev/sda of=/dev/null bs=1M

Angalia `if` na `of` mara mbili kabla ya Enter. Ukizigeuza umefuta diski. Mashine imefaulu kama dmesg haina `nobody cared` wala `timed out`, ERR na MIS zimebaki palepale, na mistari ya mtandao na diski imepanda mfululizo, kila mmoja kwenye safu ya prosesa yake.

Sasa ndipo uandike kigezo kimoja kilichothibitika ndani ya `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, na `update-grub`. Amri za smp_affinity hazidumu baada ya kuzima. Ziweke kwenye huduma ya systemd inayoendeshwa baada ya mtandao kuwaka.

Mashine ikiwa Nansio na wewe uko Mwanza, usibadilishe kigezo kwa SSH kama unavyofanya ikiwa mezani kwako. Weka `GRUB_DEFAULT=saved`, ongeza ingizo la majaribio kwenye `/etc/grub.d/40_custom` lenye kigezo kipya pamoja na `panic=30`, endesha `update-grub`, halafu:

    grub-set-default 0
    grub-reboot jaribio
    reboot

`jaribio` ni kitambulisho ulichokipa ingizo hilo. Kerneli ikianguka, itajiwasha baada ya sekunde 30 na kurudi kwenye ingizo la kawaida, kwa sababu `grub-reboot` hutumika mara moja tu. Sharti ni `/boot` isiwe juu ya LVM wala RAID ya programu. GRUB haiwezi kuandika huko, hivyo haitafuta agizo lile na itarudia jaribio bovu bila mwisho. Mashine ikiganda bila panic, `panic=30` haisaidii. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza Enter mpigie mtu aliye pale, awe karibu na swichi, na mwelekeze aishikilie sekunde tano mpaka feni zisimame.